Baba, Ulifungwa kwa Neno Langu

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuamkia nikijua kwamba marahaba yako haitakuja, ila sijui namna nyingine ya kuanza kusema nawe.

Leo ni wiki ya tatu tangu tukuzike. Siku ile walinipa mimi kazi ya kuandika historia yako na kuisoma, kwa kuwa ndimi mtoto wako wa kwanza na ndimi mwalimu. Nilisimama kando ya jeneza nikasoma kwamba ulizaliwa na kukulia kwenye milima hii ya kwetu Matiri, ulilima kahawa na mahindi, ulimwoa Mama kanisani, mkapata watoto wanne na kumzika mmoja. Nilisoma mpaka mwisho bila sauti kukatika. Tulipokuwa tunarudi kutoka makaburini, Baba Mdogo alinishika mkono akaniambia kwa upole, "Umefanya vizuri, mama, kuiruka ile habari ya jela. Aibu ile haikuwa ya kusomwa leo."

Nikamjibu, "Ndiyo, Baba Mdogo."

Nimerudi Mpepai ninakofundisha, nikaingia darasani kama kawaida, nikafundisha, nikasahihisha madaftari, lakini chakula hakishuki. Ile aibu haikuwa yako. Wewe uliijua ni ya nani na hukusema. Kwa hiyo nataka niieleze yote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua kuliko mimi, kama mtu anayemweleza mgeni. Nikiruka hata kipande kimoja, nitakuwa nimefanya tena kile nilichofanya pale makaburini.

Batilda alikuwa na miaka saba alipopatwa na ile homa kali. Homa ilipona lakini kuanguka kukabaki. Unakumbuka mara ya kwanza? Alikuwa anachambua maharage na Mama, ungo ukamponyoka, macho yakageuka, mwili ukakaza kama ubao. Mama alipiga kelele mpaka majirani wakashuka kutoka mashambani. Wakubwa wa ukoo wakasema apelekwe kwa waganga wa kienyeji, ukampeleka mara mbili, ukarudi na mtoto amechanjwa kifua na bado anaanguka. Ndipo mtu mmoja alipokuambia kuhusu hospitali ya misheni kule chini, ziwani.

Uliamua kutuchukua sote wawili. Batilda kwa ajili ya kutibiwa, na mimi kwa sababu Kiswahili chako kilikuwa cha sokoni tu, nami nilikuwa darasa la tano. Ukasema, "Wewe utakuwa mdomo wangu." Tulitembea mpaka Mbinga, Batilda ukimbeba mgongoni kila alipochoka, kisha tukapata lori la ushirika lililokuwa linateremka Mbamba Bay. Tulikaa juu ya magunia. Ulituwekea mikono, mmoja huku na mwingine huku, kwenye kila kona ya mteremko. Ziwa lilipotokea, Batilda alisimama ghafla ukamshika gauni asianguke. Yeye alizoea kuona milima yetu iliyochimbwa ngoro kila upande, yale mashimo ya kulimia yaliyopangwa safu kwa safu, na siku ile upepo ulikuwa unavuma, maji yamejaa mikunjo. Akauliza, "Baba, nani amelima huko kote?"

Ulicheka, Baba. Ulicheka mpaka dereva akachungulia dirishani kuona kuna nini. Sikumbuki kukuona ukicheka hivyo tena.

Mama mmoja wa Kinyasa alitupokea nyumbani kwake siku mbili. Alitupikia ugali wa muhogo na usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani, Batilda akala mpaka akalamba vidole. Hospitalini muuguzi alikaa nasi kwenye benchi, akasema taratibu ili nikutafsirie kwa Kimatengo. Huu ni ugonjwa wa kichwani, akasema, si mapepo wala si laana. Hauambukizi. Mate yake na povu lake havimdhuru mtu. Ukaniambia, "Muulize kama anaweza kusoma shule." Nikamuuliza. Akajibu, "Anaweza sana, mradi ameze vidonge kila siku bila kuruka." Nikakugeuzia maneno yale kwa lugha yetu, neno kwa neno, kwa mdomo wangu huu huu.

Nataka ukumbuke hivyo, au tuseme nataka mimi nikumbuke. Sikuwa mtoto asiyejua.

Ndiyo ilikuwa miaka ile tulipohamia kijijini, nyumba zikapangwa kwenye mstari mmoja, na redio ya Katibu Kata ikihubiri kila jioni kwamba hakuna mtoto kubaki nyumbani. Batilda akaandikishwa darasa la kwanza. Vidonge tulikuwa tunachukua zahanati, kwa Bwana Mganga Hemedi, yule Muislamu kutoka Tabora aliyekuwa akiamkia kila mtu, hata watoto. Mwaka ule ulipita vizuri. Batilda alijifunza kusoma haraka kuliko wenzake na akawa anatuchosha. Alisoma maandishi ya kwenye magunia ya kahawa na ya kwenye kopo la mafuta, tena kwa sauti kubwa, na akimaliza anarudia.

Akiwa darasa la pili alianguka shuleni. Nilikuwa darasa la saba chumba cha pili, nikasikia madawati yakipinduka. Watoto walitoka mbio wakikanyagana. Nilipofika mlangoni Batilda alikuwa peke yake sakafuni, na Mwalimu Mkuu amesimama ubaoni na chaki mkononi. Hakuwa mtu mbaya, Baba. Alitoka mbali, mikoa ya kaskazini, na nadhani hakuwahi kuona kifafa maishani mwake. Aliogopa kama watoto wenyewe.

Mchana ule aliniita ofisini, akachana karatasi kwenye daftari, akaandika, akagonga muhuri wa shule. "Mpelekee baba yako."

Mama hakuwepo, alikuwa kwao akimuuguza Bibi. Nilikukuta kwenye mibuni, nikakusomea. Karatasi ilisema Batilda asirudi shule, kwa mujibu wa kanuni za afya ya wanafunzi, mpaka apone kabisa na alete cheti cha daktari. Uliniambia nisome tena. Kisha ukaikunja mara nne, ukaitia kwenye mfuko wa ndani wa lile koti lako jeusi la kanisani. Mama aliporudi baada ya wiki mbili ulimwambia tu, "Mwalimu amesema mtoto asubiri kidogo." Karatasi hukumwonyesha. Nadhani hukutaka asikie kwamba mwanawe ameandikwa hivyo na kugongewa muhuri.

Ulikwenda kwa Bwana Mganga. Akaandika cheti kwamba mtoto anatibiwa, haambukizi mtu, na anaweza kusoma. Ukakipeleka shuleni mwenyewe, Mwalimu Mkuu akakurudisha nacho: anataka kiseme amepona. Ukarudi zahanati, Bwana Mganga akakwambia, "Mzee wangu, siwezi kuandika amepona. Ugonjwa huu haupimwi hivyo. Naweza kuandika anaweza kusoma, basi." Ulipanda na kushuka ule mlima mara nne kwa ajili ya neno moja. Huyu analitaka, yule hana ruhusa ya kuliandika. Katikati yao amekaa Batilda mlangoni na kitabu chake, akinisubiri nirudi nimwambie wenzake wamefika ukurasa gani.

Sasa naandika kipande ambacho hakimo katika hukumu wala katika historia yako. Nilikuwa naona haya kwa ajili yake. Wenzangu walikuwa wameacha kunywa maji kwenye kata niliyoishika. Waliniita "dada wa povu". Batilda alipobaki nyumbani, walianza tena kucheza nami, na mimi, Baba, nilifurahi. Kila nilipomwambia wamefika ukurasa gani nilikuwa naomba moyoni asirudi.

Kisha Afisa Elimu akaja kukagua. Akahesabu watoto, akalinganisha na daftari la mahudhurio, akauliza huyu Batilda yuko wapi, miezi miwili hana hata alama. Mwalimu Mkuu akajibu kwamba mzazi anamficha ndani kwa sababu ya kuona aibu ya ugonjwa. Wiki haikuisha, mgambo akakuletea samansi. Umeshtakiwa kwa kumzuia mtoto aliyeandikishwa kwenda shule. Nilikusomea hiyo nayo. Hukushtuka. Ulisema, "Vizuri. Huko mahakamani wote wawili wataulizwa siku moja, mwalimu na mganga."

Uliniambia mpango wako, rahisi kabisa. Mimi nitaeleza jinsi nilivyopewa karatasi na kukuletea, kisha wewe utaitoa mfukoni hakimu aione. Ulitaka mambo yaende kwa kufuatana.

Siku mbili kabla ya shauri, Mwalimu Mkuu alinibakiza darasani. Hakunitisha wala hakunikemea. Alisema, "Sesilia, kutoka shule hii hajawahi kwenda sekondari msichana hata mmoja. Wewe utakwenda. Fomu zako nitazijaza mimi." Akaongeza, "Wakikuuliza habari za karatasi, sema hujui karatasi yoyote. Baba yako ataonywa tu, atarudi nyumbani. Mimi watanifukuza kazi."

Nilisema, "Ndiyo, Mwalimu."

Na mpaka leo nimezoea kujiambia kwamba nilimwogopa, au kwamba niliitaka sekondari. Vyote ni kweli. Lakini kulikuwa pia na lile jingine nililokwisha kuliandika hapo juu, na ndilo lililofanya "ndiyo" ile itoke upesi.

Mahakama ya mwanzo ilikuwa chumba kimoja, madirisha hayana vioo. Hakimu alikaa mezani na wazee wa baraza wawili, mmoja akikutafsiria. Mama alikaa nyuma na mdogo wetu mgongoni. Mwalimu Mkuu alisema hajamfukuza mtoto yeyote, shule iko wazi kwa wote, serikali imesema hivyo naye anatii. Bwana Mganga Hemedi akasimama na kofia yake mkononi.

"Mtoto huyu namtibu mimi. Anaweza kusoma. Nimeandika cheti, nimempa baba yake, na mwalimu amekikataa."

Hakimu akamuuliza, "Ulimwona mwalimu akikikataa?"

"Nimeambiwa na mzazi."

"Basi hilo hulijui. Kaa."

Wewe ulikwisha kusema kwamba shule iliandika karatasi nami ndiye niliyekuletea, kwa hiyo wakaniita mimi. Karani akanipa Biblia niishike. Hakimu alikuwa mpole, akainama kidogo kama unavyomwinamia mtoto mdogo.

"Mwalimu wako aliwahi kukupa karatasi umpelekee baba yako, kwamba mdogo wako asirudi shule?"

Niliangalia kucha zangu. Nikasema, "Hapana."

"Sema kwa sauti."

"Hapana, mheshimiwa. Hakunipa."

Nilipoinua macho niliona mkono wako umekwisha kuingia ndani ya koti. Niliona vidole vikisukuma kitambaa pale mfukoni. Nilingoja uitoe. Naapa, Baba, kwa muda ule mfupi nilitamani uitoe, nianguke pale pale na mambo yaishe. Ukaniangalia. Mkono ukatoka mtupu, ukaulaza juu ya paja.

Hakimu akakuuliza, kama inavyotakiwa, "Mshtakiwa, una swali kwa shahidi huyu?"

Mzee wa baraza akakutafsiria. Ulisimama. Ukajibu kwa Kiswahili chako mwenyewe, hukungoja utafsiriwe: "Sina swali kwa mwanangu."

Mwezi mmoja jela. Hakimu alisema lazima wazazi wengine wapate fundisho, na mtoto awe shuleni Jumatatu. Ulivua koti ukampa Mama. Niliogopa atapapasa mifuko. Hakupapasa. Baadaye, nyumbani, nilitafuta karatasi kwenye lile koti na sikuikuta. Sijui uliitia wapi kati ya kile kizimba na mlango. Pengine uliitafuna.

Mama hakunitilia shaka hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeshika Biblia. Njiani kurudi alitembea mbele, na tulipofika kwenye kijito alisimama akasema, bila kugeuka, "Kumbe baba yako alimwonea haya mwanangu." Nilivuka nyuma yake.

Bwana Mganga alinikuta kesho yake kisimani. Akaniuliza mara moja tu, "Ulisema kweli, mwanangu?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akasema, "Haya." Jumatatu yake akamshika Batilda mkono akampeleka shuleni mwenyewe. Nilikuwa mstarini. Akamwambia Mwalimu Mkuu mbele yetu sote, "Umeapa mahakamani kwamba hukumfukuza mtoto huyu. Basi huyu hapa, mpokee." Mwalimu Mkuu akampokea. Uongo wetu ulikuwa umemfunga yeye pia. Kisha Bwana Mganga akaomba maji. Batilda akanywa kwanza, kata ikiwa bado na mate yake ukingoni Bwana Mganga akaipokea, akanywa maji yote yaliyobaki, akajifuta midomo. "Nikianguka kesho," aliwaambia watoto, "njooni zahanati mnicheke."

Kwa hiyo alirudi shule. Nimewahi kujaribu kujifariji kwa hilo, kwamba mwisho wake alirudi. Lakini alirudi kwa bei ya mwezi wako mmoja, na mwezi wenyewe ulikuwa wa kahawa. Buni ziliiva zikaanguka chini. Mama na mimi tulichuma mpaka vidole vikapasuka, majirani wakatusaidia siku mbili tatu na kuondoka wakinong'ona. Uliporudi ilikuwa alasiri, umenyolewa, shati limekuwa kubwa kwako. Batilda alikuona wa kwanza. Alikimbia akakufikia kabla ya Mama, na neno lako la kwanza lilikuwa, "Unasoma?" Akakusomea pale pale njiani ukurasa mzima, wewe umechuchumaa, vumbi la safari lingali miguuni. Mimi nilisimama mlangoni. Ulipopita uliniwekea kiganja kichwani, kama ulivyofanya siku zote, ukaingia ndani.

Hukuniuliza siku ile wala kesho yake wala hata siku moja.

Nilifaulu. Ulinisindikiza mpaka Mbinga, sanduku langu la mbao kichwani kwako, na njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kuanza. Tulipofika mahali lori linaposimama nikasema, "Baba, ile siku ya mahakama..." Ukashusha sanduku. Ulikuwa unahema. Ukasema, "Soma, mama. Ukisoma nusu nusu nitakuwa nilifungwa bure." Ukanipandisha, ukanipa sanduku, ukaondoka kabla lori halijawashwa, maana ulikuwa na safari ndefu ya kurudi.

Nilisoma, Baba. Nilisoma kama mtu anayekimbizwa.

Katika mwaka wangu wa pili huko bweni mvua zilikata barabara. Bwana Mganga Hemedi alikuwa amehamishwa, na yule aliyemfuata akakwambia dawa ya kifafa haijaletwa, isubiriwe. Batilda alikuwa amebakiwa na vidonge vya siku tatu. Hukusubiri. Uliondoka kwa miguu kushuka ziwani, hakuna lori lililoweza kupita kwenye ule mteremko. Siku ya tano ulirudi na pakiti ya vidonge ndani ya mfuko wa nailoni, umeifunga kifuani isilowe. Batilda alikuwa ameanguka siku iliyotangulia, kwenye kijito, alipokwenda kuchota maji. Maji yenyewe hayakufika magotini.

Barua ilinifikia wiki mbili baadaye, kwa mwandiko wa katekista. Nilipopata ruhusa na kufika nyumbani mlikuwa mmekwisha kuondoa matanga. Mama ndiye aliyenisimulia. Alisema Mwalimu Mkuu alikuja akalia kuliko ndugu, na watu wakashangaa, na wewe ukamkaribisha ukamtafutia kiti. Alisema pakiti ya vidonge uliipeleka zahanati bila kuifungua, ukamwambia mganga mpya wapo watoto wengine. Kisha akaniambia jambo moja la mwisho. Siku ya mazishi, kaburi likiwa bado wazi, alikugeukia mbele ya watu wote akasema, "Leo umepata unachotaka. Ulimficha akiwa hai, sasa amefichika kabisa."

"Baba akajibu nini?" nilimuuliza.

"Aliniambia nikae kivulini, nile kidogo, kwa sababu nanyonyesha."

Hapo ndipo ningesema, Baba. Mama alikuwa amekaa mbele yangu, tulikuwa wawili tu, na neno lilikuwa fupi. Nikamwambia pole. Nikaenda kuteka maji kwenye kijito kile kile, nikarudi na ndoo, nikapika.

Baadaye nikawa mwalimu, nikaja kila likizo, nikakuletea sukari na sabuni na tumbaku, nikakushonea shati. Tuliongea habari za mvua, za mibuni iliyozeeka, za wadogo zangu. Mwezi wako wa mwisho nilikaa nawe siku tisa. Ile asubuhi ulipoamka ukiwa na nguvu kidogo nilisogeza kigoda nikasema, "Baba, nina neno." Ukaniangalia kwa muda. Ukasema, "Nigeuze upande wa dirisha kwanza." Nilipokugeuza ulifumba macho, na sikujua kama umelala au umenihurumia. Nikakutengenezea blanketi. Ilikuwa nafasi ya mwisho na nikaiacha ipite kama zile nyingine zote.

Niliishia hapa Ijumaa, Baba. Naendelea leo Jumapili, niko nyumbani kwetu.

Nilikuja jana kutwa nzima kwa miguu. Leo baada ya misa niliwaambia wadogo zangu waende kwa Baba Mdogo, nikabaki na Mama jikoni. Alikuwa anapepeta mahindi. Nikamwambia nimekuandikia barua na nataka aisikie. Akasema, "Barua ya marehemu unanisomea mimi?" lakini akaweka ungo chini. Nikamsomea yote niliyoandika mpaka pale kwenye dirisha. Nilipofika kwenye ile "hapana" ya mahakamani alikuwa anatazama moto. Nilipofika kwenye maneno yake ya kaburini aliinua mkono, nikadhani ananizuia, kumbe alikuwa anajifunika mdomo.

Nilipomaliza nilikunja barua. Kuku waliingia wakaanza kula mahindi kwenye ungo, na hakuna aliyewafukuza.

Kisha akauliza, "Kwa nini hakuniambia mimi?"

Nikamwambia sijui. Lakini nadhani najua. Angeniadhibu, angenikokota mpaka kwa hakimu akisema niseme kweli, kwa sababu ndivyo alivyo. Nami ningefukuzwa shule. Ulimwacha akuchukie wewe ili asije akanichukia mimi.

Akasema, "Miaka yote hiyo nilimpakulia chakula bila kumtazama usoni." Kisha, "Nenda nje, Sesilia."

Nikatoka. Naandika haya nikiwa kibarazani, karatasi nimeiweka juu ya goti. Tangu nizaliwe nilimsikia akikuita Baba Sesilia, hata alipokuwa na hasira, hata siku walipokuchukua kwenda jela. Jina lako la kanisani niliwahi kulisikia kwa padri tu. Sasa yuko ndani peke yake, na namsikia anakuita, "Otmari." Anaita tena, "Otmari," kwa sauti ya mtu anayemwita aliye ng'ambo ya bonde.

Mimi bado hajaniita.

Lala salama, Baba yangu. Nisamehe, ingawa najua ulikwisha kufanya hivyo siku ile ile, umesimama, mbele ya watu. Sitaomba tena kwako. Sasa naomba kwa aliye ndani.

Ni mimi,
mwanao wa kwanza,
Sesilia